Redio Ikipona

Nobu ya sauti ya redio ya Busara iliharibika, na mkewe akaanza kupata usingizi.

Ilikuwa redio kubwa ya zamani, ya mbao, yenye spika mbili zilizokaa juu ya kabati kama wenye nyumba. Nobu yenyewe ilikuwa ya rangi ya fedha, nene kuliko kizibo cha chupa, na enzi zake ukiizungusha mpaka mwisho vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Sasa ukiizungusha kidogo, mtangazaji alisema polepole kama mtu aliyekuja kukopa. Ukiizungusha zaidi, redio ilikwaruza, ikakoroma, ikanyamaza. Ilibaki na sauti ya chini tu, sauti isiyoweza kuficha hata kikohozi.

"Mama Chiriku, mbona siku hizi hamtuchezeshi?" aliuliza Mama Mkaa, jirani wa chumba cha pili, mjane aliyeuza mkaa kwa makopo pale pale mlangoni kwake. "Tulishazoea muziki wa bure."

"Redio inaumwa, jirani."

"Pole yake. Na wewe?"

"Mimi mzima," alisema Mama Chiriku, akaiinamia cherehani yake na kuikanyaga kwa kasi. Alikuwa mshonaji. Chiriku alikuwa binti yake, mtoto wa darasa la kwanza aliyeanza kuongea asubuhi kabla hajafumbua macho vizuri, ndipo watu wa uani wakampa jina hilo, na mama yake akalipata kwa mgongo wake.

Tuseme ukweli mapema, maana hapa hapana fumbo. Busara alikuwa anampiga mkewe, na muziki ndio uliokuwa unamsitiri. Kwanza alifunga dirisha, kisha akapandisha sauti, kisha ndiyo yakafuata hayo mengine, na huko nje zikasikika nyimbo. Hakuna aliyewahi kumwona amekunja uso. Kazini alikuwa mtunza ghala la saruji, mtaani mwenyekiti wa kamati, na hilo jina la Busara hakujipa, alipewa. Mume na mke wakigombana walipelekwa barazani kwake. Aliwapa viti, akawasikiliza kwa zamu, akawaambia ndoa ni kuvumiliana, na mara nyingi waliondoka wanacheka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini watu wengi huishia mlangoni.

Mama Chiriku aliogopa mambo mawili, na la pili lilimtisha kuliko la kwanza. La kwanza ni mkono wa mumewe. La pili ni watu kujua. Wanawake wenzake walimwambia ana bahati kuliko wote uani, naye alitabasamu na kushusha mikono ya gauni ifunike viwiko. Kuna siku muziki ulipokuwa unapanda alijikuta anaushukuru. Aibu ya namna hiyo ni maradhi, ila mwenye nayo hudhani ni heshima.

*

Jioni ile nobu ilipogoma, kosa lilikuwa chumvi. Busara alionja mboga, akaweka kijiko chini taratibu, akainuka, akafunga dirisha. Chiriku alikuwa anasimulia visa vya mwalimu wake. Akakata neno katikati. Mtoto yule hakuna kilichoweza kumnyamazisha duniani isipokuwa baba yake akilisogelea kabati.

Busara akazungusha nobu. Krrr. Akaizungusha tena. Krrr, kisha kimya. Akaipiga redio kofi ubavuni, nayo ikabaki vilevile. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshainuka. Upande wa pili wa dirisha Mama Mkaa alisikika anamrudishia mteja chenji, kila neno likisikika utadhani yuko nao chumbani.

Mkono ukashuka.

"Mboga imezidi chumvi," alisema Busara.

"Nisamehe."

"Si neno. Tutalizungumza redio ikipona."

Akarudi kula. Mama Chiriku alidhani hakusikia vizuri, lakini alikuwa amesikia vizuri.

Tangu siku ile hakumgusa. Hakusahau pia, na mtunza ghala atasahau vipi? Alimkuta anacheka na mteja wa kiume aliyekuja kupimwa suruali. "Hilo nalo tutalizungumza redio ikipona." Shati lilichelewa kupigwa pasi. "Redio ikipona." Siku mkewe alipomtangulia kujibu swali mbele ya wageni, hata hakusema, alimtazama yeye, kisha akaitazama redio. Yote hayo aliyatamka kwa upole, kama baba anayemwahidi mtoto viatu vipya. Zile siku za mwanzo Mama Chiriku alilala kama mtoto. Baadaye akaanza kuelewa kwamba makosa yake yanapangwa mfuko juu ya mfuko, na kwamba yote yataangushwa siku moja. Usingizi ukamkimbia tena. Mboga akawa anaionja mpaka ulimi unamfa ganzi, asijue tena kama ina chumvi au haina.

*

"Leo ipeleke redio kwa fundi," Busara alimwambia asubuhi akiwa anafunga vifungo vya shati. Aliweka pesa mezani. "Nikirudi niikute inaimba."

"Nina nguo za watu leo, sijui kama nitawahi..."

"Mke wangu."

Alisema hivyo tu.

"Nitaipeleka."

"Na uijaribu huko huko. Ipande mpaka mwisho, usije ukaniletea kazi nusu." Akampapasa Chiriku kichwani, akatoka. Barazani alisimama kumuuliza Mama Mkaa biashara inaendaje, akamwinulia gunia lililoanguka, akaenda zake.

Kuna watoto waliotumwa kwenda kukata fimbo ya kuchapiwa wao wenyewe, nao wakaenda. Mama Chiriku aliifunga redio kwa shuka, akajitwisha. Alijua anachokibeba. Njiani alifikiria kuiangusha, iwe basi. Akafikiria pia atakaporudi na vipande, na kitakachosemwa, na miguu ikaendelea kutembea yenyewe mpaka kwenye kibanda cha fundi.

Wateja walijaa kwenye benchi, kila mmoja na chake mapajani. Fundi alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Hii si redio ya mwenyekiti? Ilete hapa, hii haipangi foleni."

"Na sisi tuliokuja tangu asubuhi?" alinung'unika mmoja.

"Nyinyi si wenyeviti."

Alifungua mgongo wa redio, akapuliza vumbi, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi kidude cha duara kilichokuwa nyuma ya nobu. "Hii ndiyo volyumu yenyewe. Nobu kazi yake kuizungusha tu. Imejaa uchafu." Akaidondoshea spiriti, akaizungusha huku na huku kwa subira, akafuta, akairudisha. "Ugonjwa mdogo kabisa. Mmeteseka bure."

Akachomeka waya, akashika nobu, akaizungusha mpaka mwisho.

Muziki ulilipuka. Mama Chiriku hakujua amefanya nini mpaka alipokuwa ameshafanya: alikuwa amechuchumaa kando ya benchi, mkono mmoja umekinga kichwa, mwingine umeziba mdomo.

Watu wakaangua kicheko. "Mama, hiyo redio, si bomu!"

Naye akacheka. Alijikung'uta gauni, akacheka nao, akasema ameshtuka tu. Alitamani ardhi ipasuke. Fundi peke yake hakucheka. Aliteremsha sauti, akawa anafuta bisibisi isiyokuwa na uchafu.

Mama Chiriku akasogea karibu na meza. "Fundi, huwezi kuifanya isipande sana?"

"Isipande? Watu huja hapa wanataka ibomoe kuta."

"Mtoto masikio yanamuuma."

"Basi msiizungushe sana."

"Siyo mimi ninayeizungusha."

Fundi akainua macho. Alitazama ile mikono mirefu ya gauni katika joto lile, kisha akatazama benchi kama kuna anayesikiliza. Walikuwa wanabishana mambo ya mpira.

"Mama Chiriku," alisema kwa sauti ya chini, "kiwanja hiki cha kibanda nimepewa na kamati. Na kamati ni nani? Nikiichezea redio yake, kesho utanikuta natengenezea redio mtaroni. Nina watoto."

"Nimeelewa."

"Usinifikirie vibaya."

"Nimesema nimeelewa, fundi. Shika pesa yako."

Fundi alizisukuma zile pesa zimrudie mwenyewe, akaogopa, akazichukua. Kisha akauweka ukucha wake kwenye ubavu wa nobu, palipokuwa na skrubu ndogo sana.

"Unaiona hii? Nobu inashikwa na hii tu. Ndogo kama ya cherehani. Ikilegea, mtu ataizungusha mpaka kesho na sauti isitoke ilipo." Akapaza sauti benchi zima lisikie: "Mimi nimeikaza, jamani mmeniona! Imetoka hapa nzima!" Kisha akashusha tena. "Yakitokea mengine huko nyumbani, mimi simo."

Huo ndio uliokuwa ushujaa wake wote. Wengine hata huo hawana.

*

Nyumbani aliiweka redio juu ya kabati, akaifungua, akaiacha inaongea kwa sauti ya mtu na mwenzake. Kisha akachukua bisibisi ndogo ya cherehani. Iliingia kwenye skrubu kama imetengenezewa hiyo.

Akailegeza. Akaikaza tena. Akaenda kushona, mshono ukapinda, akaufumua. Akarudi, akailegeza. Je, mumewe akigundua? Akaikaza. Lakini hesabu yake ilikuwa moja na aliiona haina kosa: siku ile redio ilipogoma, mkono ulishuka. Ikigoma tena, utashuka tena. Sauti ndiyo inayompa nguvu yule bwana. Mnyime sauti, atarudi kula. Akailegeza mara ya mwisho, akaificha bisibisi chini ya vitambaa.

"Imepona?" aliuliza Mama Mkaa mlangoni, mkononi ana kopo la mkaa aliloagizwa.

"Imepona."

"Haya," alisema Mama Mkaa. Safari hii hakutaja muziki wa bure. Aliweka mkaa chini, akaondoka.

*

Busara alirudi jua linazama. Alioga, akala, akasifia chakula. "Leo umepika," alisema. Chiriku alikuwa ameinamia sahani, haongei.

"Mwanangu, nenda kwa Mama Mkaa ukacheze."

Mtoto akamtazama mama yake.

"Nenda," akasema Mama Chiriku.

Mtoto alipotoka, Busara akafunga mlango, akafunga dirisha. Alikunja mikono ya shati bila haraka, mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayetaka kuosha vyombo. "Sasa tuna mazungumzo marefu," alisema. Akafungua redio, akashika nobu.

Nobu ilizunguka. Ilizunguka laini, bila kukwaruza, na wimbo ukabaki palepale chini. Akaizungusha tena, ikapita mwisho wake, ikaendelea. Haikuwa na mwisho. Akaivuta, ikamtoka mkononi, kikabaki kijiti cha chuma kitupu. Busara aliitazama nobu kwenye kiganja chake, kisha akageuka.

"Umeifanya nini?"

"Fundi ameitengeneza. Waulize waliokuwepo."

"Nakuuliza wewe."

Alikuwa ananong'ona. Mama Chiriku aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika ndoa yao: mumewe alitupa jicho dirishani. Anaogopa, alijiambia. Na yeye anaogopa. Sasa mkono utashuka.

Haukushuka. Ulikuwa umengoja siku nyingi mno, na makosa yalikuwa mengi mno ghalani. Ulimpata mdomoni, na nobu ikiwa bado ndani ya ngumi.

Mama Chiriku akapiga ukelele.

Hakuupanga. Miaka yote alikuwa anauma kitambaa, anauma mto, anauma mkono wake mwenyewe, akidhani ni muziki unaomficha kumbe alikuwa anajificha mwenyewe. Ukelele ule ulitoka kwenye nyayo. Spika zile mbili hazijawahi kutoa sauti kama ile tangu zinunuliwe.

Uani pakawa kimya. Sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikaacha kusuguliwa. Kicheko cha watoto kikakatika. Wamesikia, alijiambia Mama Chiriku, na damu ikimjaa mdomoni. Wamesikia, sasa watakuja. Busara naye alifikiri hivyo hivyo. Alirudi nyuma, akateremsha mikono ya shati, na uso wake wa barazani ukaanza kumrudia.

Hakuna aliyekuja.

Badala yake, ukutani, upande wa Mama Mkaa, redio ndogo ilianza kupanda. Ikapanda mpaka inakwaruza. Upande wa pili ikajibu nyingine, na wimbo mwingine. Kisha ya tatu kutoka vyumba vya mwisho. Ua mzima ukapandisha sauti.

Busara alishusha pumzi. Alitabasamu, na aliposema hakunong'ona tena.

"Unaona? Majirani zetu wana adabu."

Basi Mama Chiriku akaelewa. Wanajua. Hawakujua leo, wamejua siku zote, na kila muziki wake ulipopanda walijua unapandia nini, na uliponyamaza wakamuuliza mbona hawachezeshi. Siri aliyoilinda kwa meno yake haikuwa siri ya mtu yeyote ila yake. Ile hofu yake kubwa, ya watu kujua, ikamfia pale pale alipokuwa amesimama. Ilibaki ile moja tu, ya mkono, na hiyo ilikuwa na mlango. Busara alikuwa angali anatabasamu mkewe alipousukuma na kutoka.

Uani bado palikuwa na mwanga. Kila mtu alikuwa mlangoni kwake, uso kwenye sufuria, uso kwenye nguo, uso kwenye redio. Mama Mkaa alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio iko miguuni, Chiriku amesimama katikati ya magoti yake. Viganja vyake viwili vyeusi vilikuwa vimeyaziba masikio ya mtoto.

Mama Chiriku alisimama mbele yao, damu inamtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni alilolishona mwenyewe.

"Jirani, zima redio."

Mama Mkaa akaizima kwa kidole cha mguu. Iliyofuata ikazimwa. Ya vyumba vya mwisho ilichelewa, nayo ikanyamaza.

Nyuma yake Busara alitokea kizingitini na ile sauti yake ya kusuluhisha. "Jamani, mtusamehe. Mambo ya ndani haya, tutayamaliza wenyewe. Mama Chiriku, ingia ndani, mwenzangu."

Hakuna aliyeinuka. Mwanamume mmoja alijikuna shingo, akatazama paa. Mama Chiriku alihisi kile kivuli nyuma ya mgongo wake, karibu sana. Angeweza kugeuka. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kugeuka.

"Ananipiga," alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwomba jirani moto.

Mama Mkaa alitazama chini. "Tunajua, mwanangu."

"Najua mnajua. Leo nawaambia."

Mama Mkaa akaondoa viganja kwenye masikio ya mtoto, vikabaki alama mbili za mkaa. Akainuka, akausukuma mlango wa chumba chake, akasimama pembeni.

"Ingieni," alisema.

Mama Chiriku alimshika mtoto mkono, wakaingia, wakakaa gizani juu ya magunia. Kupitia mlango ulioachwa wazi walimwona Busara anateremka kizingiti, anakuja huku anasema taratibu, nobu bado mkononi. Na walimwona Mama Mkaa anakivuta kigoda chake mpaka katikati ya mlango, anakikalia, anaegemeza koleo la mkaa kwenye paja.